Mlango wa Alasiri Moja

Watu wakianza kuogopa, sisi mafundi wa chuma hujua kabla ya redio. Hakuna anayekuja kukuambia anaogopa. Anakuja kuuliza mlango wa chuma unachukua muda gani, na ukimjibu anasonya. Halafu anauliza kama unaweza kumwekea komeo la pili, la ndani. Mwaka ule, siasa ikiwa bado haijachemka vizuri, kibanda chetu pale Kawangware kilikuwa kimejaa watu wa kuuliza makomeo, na mimi nikaanza kulala vibaya.

Mimi ni mwanamke na nachoma chuma. Nasema mapema ili tumalize hayo maajabu. Mteja hufika akauliza, "Fundi ako wapi?" na mimi nimeshika rodi ya kuchomea mkononi, miwani kwenye paji la uso, masizi mpaka masikioni. Zamani nilikuwa nawajibu vizuri. Siku hizi nawaambia fundi alikufa, waache ujumbe.

Ninakaa mtaa unaoitwa Raila. Mama alikuwa akikaa Mashimoni, chumba kimoja cha mabati ndani ya uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa mzima, akatembeza mboga na omena kwa beseni kichwani miaka mingi, mpaka goti la kulia likakataa. Aliishi na dadangu mdogo, ambaye husuka nywele Makina, karibu na msikiti. Dadangu anatoka asubuhi, anarudi jioni. Katikati hapo mama alikuwa peke yake na goti lake na redio yake, nyuma ya mlango wa mbao ambao hata mbuzi angeusukuma akaingia.

Majirani walikuwa wananicheka. "Mganga hajigangi! Fundi wa milango, mamake analala kwa mbao!" Nilicheka nao mara ya kwanza. Mara ya tatu niliwaambia waende wakachekee kwao.

Dadangu alinifuata Kawangware siku moja, viatu vyote vumbi, amekasirika kabla hajafika.

"Sista, ploti nzima imeweka chuma. Ni sisi tu tumebaki kama kibanda cha kuku. Unatutengenezea lini?"

Nikamwambia anipe wiki mbili. Nilikuwa na oda za watu, na mlango wa mama sikutaka kuufanya nikikimbizwa.

"Wiki mbili! Kwani unajenga daraja?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu palepale. "Wewe hulali kule. Hujui vijana wanaopita kwa hiyo njia wakiangalia nani yuko peke yake."

Hapo alinipata, na mimi nikipatikana huwa napiga kelele. Nikamwambia chuma si nywele, huwezi kufumua ukasuka upya. Akaondoka bila kuaga. Wenzangu kibandani walijifanya hawajasikia, wakainamia kazi zao.

Lakini nilichosema kuhusu chuma kilikuwa kweli, na nitakieleza kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatoka hapo. Ukichoma chuma, pale moto ulipo kinavimba. Kikipoa kinajikunja, na kikijikunja kinavuta kila kilicho karibu nacho. Huwezi kukikataza kuvuta. Unachoweza ni kukifanya kivutane chenyewe kwa chenyewe, huku na huku, mpaka kibaki kimenyooka. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema dawa ya moto ni moto. Ukichoma kona hii kidogo, toka, nenda kachome ile iliyo mkabala wake, kidogo vilevile. Usikae mahali pamoja. Na kabla ya yote unaweka taki, vile vidoti vya kushikilia tu, halafu unapima kona kwa kona kuona kama fremu bado iko sawa.

Ukitaka iwe safi kabisa, unatengeneza milango miwili pamoja. Unailaza mgongo kwa mgongo, unaibana na klampu pande zote, kisha unachoma huu kidogo na ule kidogo. Kila mmoja unataka kujipinda kwake, na mwenzake anaushikilia. Ukimaliza, hufungui klampu. Unakaa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo wateja hawataki kuiona. Unakaa chini, unakunywa chai, mpaka uweze kuweka mkono juu ya chuma na kuuacha hapo. Na hata kama mteja ni nani, humwagi maji; chuma kikipoa ghafla kinapinda.

Sasa nenda Mashimoni. Kule stima ni ya kugawana. Waya mmoja unatoka huko kwenye mlingoti, unapita juu ya mabati, na kila nyumba inanyonya. Mchana, watu wakiwa kazini, ina nguvu. Jioni, kila mtu akiwasha jiko la koili na televisheni, inalegea, na rodi inagandia kwenye chuma kama ulimi kwenye barafu. Kwa hivyo fundi wa kule amejifunza kukimbizana nayo. Akiipata ikiwa na nguvu hainui mkono. Anaanza kona ya juu, anashuka mpaka ya chini kwa mkupuo mmoja, anageuza, anarudia. Halafu anamwaga ndoo ya maji, chuma kinalia *chwaaa*, mteja anabeba. Si kwamba hajui. Akingoja chuma kipoe, stima itaondoka na chakula chake.

Kulikuwa na fundi wa namna hiyo kwenye kona ya uchochoro wa mama, kijana mpole, mwenye salamu. Dadangu alimwendea siku iliyofuata baada ya kugombana na mimi. Alimpelekea kipimo asubuhi, na jioni mlango ulikuwa umefungwa kwenye nyumba.

Niliuona Jumapili, nikitoka kanisani. Ulikuwa umepakwa rangi ya samawati, ukimetameta, na dadangu amesimama kando yake kama bibi harusi. Nilifumba jicho moja nikauangalia ukingo wake kutoka juu mpaka chini, jinsi tunavyofanya. Ulikuwa umepinda kama ndizi. Juu ulikuwa unasugua fremu, chini pia, na katikati ungeingiza kidole.

"Unafunga vizuri," dadangu akasema, kabla sijamuuliza.

"Sijauliza kama unafunga."

Nikamwomba mama aingie ndani, arudishe komeo, halafu afungue. Tukasimama nje mimi na dadangu. Tulisikia komeo likiingia kwa kishindo. Tukasikia mama akihema, kisha *ko, ko, ko*, kitu cha mbao kikigonga chuma.

"Ni mwiko," dadangu akasema, akiangalia pembeni. "Anagonga na mwiko wa ugali, linatoka."

Majirani wawili wakaanza kucheka na kumtia mama moyo. "Gonga, mathe! Gonga kama unapiga ngoma!" Mama mwenyewe akacheka kule ndani. Mimi jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Komeo lilitoka, ndiyo, na mama akatokea na mwiko wake mkononi akitabasamu, lakini ilikuwa bado asubuhi na baridi. Nilijua saa sita jua likipiga uso wa mlango ule, chuma kitavimba upande wa nje, na kitashika zaidi. Nikamuuliza mama mchana huwa unafunguka vipi.

"Mchana una kiburi," akasema. "Ikifika jioni unarudi na akili."

Tukaingia kunywa chai. Mwiko ulikuwa na msumari wake kando ya mlango, umening'inizwa hapo kama ufunguo. Tukiwa tumekaa, taa ikafifia ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, ikarudi, ikafifia tena. Nikashtuka. Mama hakuinua hata kichwa.

"Ni fundi," akasema. "Akichoma huwa inazimia nusu. Siku hizi anachoma mpaka Jumapili. Watu wanataka milango."

Nilitoka nje nikaangalia juu. Waya wa fundi ulikuwa unapita juu ya paa la mama, umelegea, umelalia mabati. Plastiki yake ilikuwa imelainika mahali, ikafanya kitu kama machozi. Palikuwa na harufu, hafifu tu, ile ambayo mtu wa kazi yangu anaamka nayo usingizini. Woi, niliogopa. Niliogopa vile mtu anaogopa kitu ambacho kimeshakuambia kinakuja.

Nilimwendea kijana. "Niaje, fundi," akanisalimia kwa heshima, akainua miwani. Nilikuwa nimepanga matusi mazuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Nikamwonyesha waya. Akasema ameuona, na akipata siku moja ya kupumzika atauinua na kipande cha mbao. Nikamwambia kuhusu mlango.

"Sista, mimi najua," akasema. "Nikipata stima ya kutulia nachoma kama wewe. Lakini hii ndiyo inaniamulia. Ona hizo."

Nyuma yake kulikuwa na fremu zimeegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine. Kijana alikuja baadaye kwa mama na nyundo akagonga tundu la komeo likapanuka. Siku hiyo likaingia na kutoka bila shida. Baada ya siku chache likarudia tabia yake.

Nilimwambia mama asifunge mchana. Dadangu akaniruka. "Asifunge? Na hii hali? Ukimwambia asifunge na mtu aingie, utakuja kumzika wewe?" Nikasema basi warudishe mlango wa mbao. Wakaangaliana. Mlango wa mbao walishaupikia chai. Na mama, ambaye amezoea kumsikiliza anayelala naye chumba kimoja, akasema kwa upole kwamba atafunga, tusigombane, kwani mwiko si uko?

Nikarudi Kawangware nikaanza mlango wake kesho yake. Ilibidi niuingize katikati ya kazi za watu, na watu walikuwa wakali. Nilichagua chuma mwenyewe, nikakataa kipande kilichokuwa na kutu. Kulikuwa na mama mmoja wa duka aliyetaka mlango wa kipimo karibu sawa, nikailaza yote miwili mgongo kwa mgongo, wake na wa mama yangu, nikabana klampu. Nilichoma kidogo hapa, nikaenda kule, nikarudi. Yule mwenye duka alikuja kusimama juu yangu. "Si umwage maji tu tumalize?" Nilimwangalia mpaka akarudi nyuma. Nilikuwa na hasira, lakini mkono ulikuwa umetulia kuliko siku zote. Kila doti nililoweka nilikuwa namwona mama akigonga na mwiko.

Watu wameniuliza tangu wakati huo kwa nini sikuharakisha. Huwa nawajibu vibaya.

Siku ile milango ilikuwa bado imo kwenye klampu, inapoa. Jua lilikuwa la utosini. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu, simu ikalia, ni dadangu. Sikuelewa neno hata moja. Nilisikia tu kelele za watu nyuma yake, na katikati ya kelele hizo akasema, "Haufunguki."

Sikumbuki nikilipa pikipiki. Nakumbuka moshi, tuliuona tukiwa bado mbali, mweusi na mnene, moshi wa plastiki. Njia ya kuingia Mashimoni ilikuwa imejaa watu wanaotoka na magodoro kichwani, na mimi nilikuwa naingia. Nilikanyaga watu. Kuna mwanamke alinivuta shati akisema, "Usiende huko," nikampiga kiwiko.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, vipande vipande, lakini nitayasema kwa mpangilio. Fundi alikuwa anachoma. Ule waya ukawaka juu ya paa la mama na kuangukia nyumba ya pili, na stima ikakatika pote. Jirani mmoja akampigia dadangu, naye akakimbia kutoka Makina na kitana bado mkononi. Alikuta watu wamejaa mbele ya mlango wa samawati, wakiusukuma. Ndani, mama alikuwa anagonga na mwiko. Jua lilikuwa nje, moto uko juu, na mlango ulikuwa umejipinda ukalishika komeo kama meno. Dadangu aliushika mpini kwa mikono miwili akavuta. Chuma kilikuwa tayari kimeshika moto. Hakuachia mpaka walipombandua pale, na ngozi ya viganja ikabaki kwenye mpini.

Kijana fundi alikuja mbio na grenda ya kukata komeo. Akaiweka kwenye chuma, akabonyeza. Hakuna kitu. Stima haikuwepo. Wanasema alisimama hapo akiibonyeza tu, anabonyeza, kama mtu aliyerukwa na akili, mpaka mtu akampiga kofi. Ndipo akaitupa, akakimbia nyuma ya nyumba, akaanza kurarua mabati kwa mtaimbo na kwa mikono. Mapigo ya mwiko yalikuwa yamenyamaza.

Nilipofika mimi, mama alikuwa amekaa juu ya jerikeni kwenye uwazi karibu na kioski cha maji, mweusi kwa masizi, nywele zimeungua upande mmoja. Alikuwa hai. Mkononi alikuwa ameshika nusu ya mwiko. Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikalia kwa sauti mbele za watu wote, mimi ambaye sijalia hata kwa mazishi ya baba. Mama alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka nani huyu. Kando yake dadangu alikuwa ameinua mikono hewani, vidole vimetanuka, hataki iguswe na kitu, wala hata upepo.

Nikamtafuta yule kijana. Nilikuwa nimeshika jiwe, sijui nililiokota wapi. Nilimkuta ameegemea ukuta, mikono yote imechanika na mabati mpaka kwenye kiwiko, damu inadondoka kwenye viatu. Aliliona jiwe. Hakusogea. Akasema, "Sista, nimemtoa." Nikasimama hapo. Kisha nikaliacha jiwe lianguke, nikavua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga mkono mmoja.

Nyumba iliungua na zile za upande wake. Mlango wa samawati ulibaki umesimama peke yake kwenye fremu, rangi imebanduka, komeo limo ndani vilevile. Watu walipita kando yake wakienda kuchakura majivu, na hakuna aliyeugusa.

Niliwapangia mama na dadangu chumba Raila, karibu na mimi. Dadangu viganja vyake vimepona lakini vidole haviinami vizuri. Anaweza kuosha nywele, hawezi kusuka. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kumwambia nilikuambia. Tukikaa pamoja tunaongea mambo ya bei ya unga.

Mlango niliomtengenezea mama niliuleta mwenyewe, nikaufunga mwenyewe. Nilifumba jicho moja nikaangalia ukingo wake. Ulikuwa umenyooka kama uzi. Ungeufungua kwa kidole kimoja, ungeufunga kwa kidole kimoja, mchana au asubuhi, jua au baridi. Ni mlango bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na nilisimama hapo nikingoja mama aseme kitu, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mama aliusukuma mara moja. Ukaenda bila sauti. Akaliangalia komeo la ndani.

"Hili litoe."

"Mama, hili ni laini. Jaribu, utaona. Halihitaji nguvu."

"Nimesema litoe."

Dadangu akajaribu kumsihi, akamkumbusha hali ilivyo, watu wanaopita. Mama alimngoja amalize. Kisha akasema, bila hasira, "Nilikuwa nawasikia watu wakiniita huko nje. Nilikuwa nawajibu, hawanisikii. Msiniambie tena nifunge."

Nikaenda kuleta grenda. Nilikata komeo mbele yake, na cheche zikaruka sakafuni, na taa ya chumba ikafifia ikawa nyekundu. Niliachilia grenda upesi. Tukabaki sote watatu tumeinua nyuso, tunaitazama ile taa mpaka iliporudi.

Huo ni muda sasa. Mama hutundika leso mlangoni kama pazia, na mlango wenyewe ameuwekea jiwe usijifunge na upepo. Nikipita asubuhi kwenda Kawangware nauona uko wazi, umenyooka, haujapinda hata unywele, na mama ndani anapepeta mchele na redio yake. Namsalimia naondoka. Wiki hii wateja wameanza tena kuja kibandani. Hawasemi wanaogopa. Wanauliza mlango unachukua muda gani, na kama naweza kuongeza komeo la pili, la ndani. Nawapimia, nawachomea, na mchana kutwa nalifikiria lile jiwe la mama.